Cha wote kinataka daftari: Tanga, maji ya Zigi na bahari yetu

Mkazi wa Tanga anayefungua koki alfajiri huko Ngamiani, Makorora au Chumbageni anakinga maji ya Mto Zigi, na Zigi hauanzii mjini. Unaanzia katika misitu ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, unateremka kati ya mashamba ya chai, iliki, migomba na mihogo ya wilaya ya Muheza, unapokea maji ya Kihuhwi na vijito vingine vingi, kisha unazuiliwa katika bwawa la Mabayani kabla maji yake hayajasukumwa hadi mtambo wa Mowe kusafishwa. Samaki anayeuzwa Sahare hakuzaliwa Sahare, na mkaa unaopikia chai ya Barabara ya 12 haukuchomwa Barabara ya 12. Mji wetu, ambao Sensa ya mwaka 2022 iliukuta na watu zaidi ya 390,000, unakunywa na kula kutoka nje ya mipaka yake, na ndiyo maana mazungumzo ya kutunza rasilimali za jamii yakiishia kwenye mabango na kaulimbiu za siku za usafi huwa hayamgusi mtu ambaye uamuzi wake una uzito kuliko wa sisi sote: mkulima wa mlimani, nahodha wa ngalawa, mchoma mkaa.

Haya nayaandika sasa kwa sababu Tanga inaamka. Mji ulisinzia kwa miongo mingi baada ya bei ya mkonge kuanguka, kiasi kwamba utulivu wake ukawa sifa, na baiskeli zake zikawa utambulisho wake. Sasa kina cha bandari kimeongezwa ili meli kubwa zitie nanga gatini, na Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wapangaji wapya wanatafuta vyumba, nyumba za wageni zinaongezeka, na kila chumba kipya kinakuja na ndoo yake, moto wake na taka zake. Wakati wa kuweka utaratibu wa vitu vya wote ni kabla havijaanza kugombewa.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Cha wote hakilindwi kwa kuhimizana. Kinalindwa pale ambapo matumizi yake yanapimwa na kuandikwa, msimamizi wake anajulikana kwa jina na anayejinyima kwa ajili ya wengine anafidiwa. Wazee walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, ingawa nadhani walikuwa wakiwaza duka zaidi kuliko mto.

Nianze na mto wenyewe, kwa kuwa ndiko kwenye somo kubwa. Mvua ya masika inaponyesha juu ya shamba la mlimani lililolimwa kwa kufuata mteremko, bila makinga maji na bila mstari wa majani wa kuushika udongo, tabaka la juu lenye rutuba linashuka pamoja na maji, na siku mbili baadaye Zigi inafika Mabayani ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo linatuumiza kwa njia mbili. Kwanza linatua chini ya bwawa na kupunguza nafasi ya maji, ili kiangazi kikifika tuwe na akiba ndogo kuliko ile ambayo wajenzi wa miaka ya 1970 walitukusudia. Pili, maji yenye tope yanadai dawa nyingi zaidi ya kuyatuliza na machujio yake yanadai kuoshwa mara nyingi zaidi, na kuosha chujio kunatumia maji yale yale yaliyokwisha kusafishwa. Gharama yote hiyo inaishia kwenye bili, ingawa hakuna bili inayoandika kwamba sehemu ya fedha hizi ni bei ya udongo wa Amani uliokuja kulala kwetu.

Ni rahisi kumlaumu mkulima, na wengi hufanya hivyo wakiwa wamekaa barazani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake, na ukiisoma ukiwa mjini, ambako ardhi ni tambarare, unaona ni jambo dogo. Ukienda Amani utaona mabonde ni membamba na familia zina vipande vya ardhi vidogo; mita 60 kwa kila upande wa kijito zinaweza kumeza shamba zima. Tena kile kipande cha ukingoni ndicho chenye unyevu wakati wa kiangazi, ndicho kinachotoa mboga na magimbi wakati kwingine kumekauka. Kumwambia mwenye kipande hicho akiache, bila kumpa kitu, ni kumwomba atugharimie maji yetu kutoka mfukoni mwake.

Milima hii ina historia ndefu ya watu wa mbali kuja kuamua itumikeje. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902, yakaja mashamba ya chai, ukaja uvunaji wa magogo. Baadaye ikaja iliki, ambayo kwa macho ya mpita njia haikuonekana kuwa na madhara yoyote, kwa sababu inapenda kivuli na hupandwa chini ya miti mikubwa bila kuikata. Lakini anayepalilia iliki anafyeka miche yote ya miti inayochipua chini, mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo msitu unabaki na wazee bila watoto, na miti mikubwa ikianguka hakuna wa kuirithi. Amani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 1997. Mapema katika miaka ya 2000 wakulima wa iliki katika ukanda wa msitu wa Derema walitakiwa kuondoka na kulipwa fidia ya mazao yao, na malalamiko kuhusu kiasi cha fidia na ucheleweshaji wake yaliendelea kwa muda mrefu. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha pande zote mbili: fidia inawezekana, na fidia inayochelewa inajenga uadui ambao hakuna bango litakaloufuta. Katika miaka hiyo hiyo dhahabu ilionekana Sakale, watu wakamiminika, vijito vikachimbuliwa, na habari za zebaki kwenye maji yanayoelekea Mabayani zikatukumbusha sisi wa chini kwamba mlima una jirani.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wakulima wenyewe walijipanga. Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi-Zigi, unaojulikana kwa kifupi kama UWAMAKIZI, umekuwa ukishughulika na yale ambayo mwanasemina wa mjini huyataja kwa jumla tu: miche ya miti na ya viungo, mizinga ya nyuki, majani ya kukinga udongo yanayopandwa kwa kufuata kontua, yaani mistari inayoukata mteremko, na kisha kukatwa kulisha ng'ombe wa ndani. Uzuri wa majani hayo ni kwamba mkulima haachi sehemu ya shamba bure. Mstari unaozuia udongo unampa malisho, malisho yanampa maziwa na samadi, na samadi inarudi shambani. Hifadhi inayomlipa anayeihifadhi haihitaji askari kila bonde.

Kwa upande wetu wa chini, mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ili kupanua uzalishaji na usambazaji wa maji. Ni hatua ambayo mji wa ukubwa wetu una haki ya kujivunia, kwa maana fedha zilitafutwa sokoni, kwa wawekezaji waliosoma hesabu na kuridhika nazo. Hata hivyo bomba kubwa zaidi linalochota kwenye bwawa linalojaa tope ni bomba kubwa la tope. Ningependa kuona kwenye bili yangu mstari mmoja unaojitegemea, wa shilingi chache kwa kila uniti, ulioandikwa kwamba ni wa kulinda chanzo, na kila mwaka itangazwe umekusanya kiasi gani, umekwenda kwa vikundi gani na mita ngapi za ukingo zimeachwa zikaota miti. Mtu anayelipia uniti 10 kwa mwezi hatafilisika kwa mstari huo. Na mkulima wa Kihuhwi akiona fedha zake zinafika kwa wakati atakuwa na sababu ya kumkemea jirani yake anayelima hadi mtoni, jambo ambalo hakuna ofisa wa mjini anayeweza kulifanya kwa niaba yake.

Tukirudi majumbani, nyumba ya Kiswahili ya Ngamiani inafundisha habari za mali ya pamoja vizuri kuliko semina nyingi. Tuseme nyumba ina ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, ua nyuma wenye choo, bafu na koki moja, na mbele kuna dira moja ya maji. Bili ikija inagawanywa kwa vyumba sita. Kijana anayelala peke yake, anayeondoka alfajiri na kurudi usiku, analipa sawa na familia ya watu saba na sawa na mama anayefua nguo za watu kwa ujira. Matokeo yake ni kwamba akiona koki inachuruzika hana haraka ya kuifunga, kwa sababu maji aliyoyaokoa yatapunguza bili ya wenzake watano zaidi ya yake mwenyewe. Mwenye familia kubwa naye hana sababu ya kubana, kwa kuwa sehemu kubwa ya matumizi yake inalipwa na wengine. Hakuna mtu mbaya katika nyumba hiyo. Kuna mgawanyo mbaya, na mgawanyo huo utawafanya watu wema waonekane wabaya kila mwisho wa mwezi.

Nimepanga katika nyumba za namna hiyo, na ile iliyokuwa na amani kuliko zote ilikuwa na daftari la kurasa chache limening'inizwa kwa uzi nyuma ya mlango wa ukumbi. Bili iligawanywa kwa vichwa badala ya vyumba, mtoto mdogo akihesabiwa nusu. Mama mfuaji alikubali kuhesabiwa kama watu wawili zaidi, na hakunung'unika, kwa sababu aliulizwa kabla ya kuamuliwa. Kila Jumamosi mmoja wetu alisoma dira na kuandika namba. Kusoma dira hakuhitaji ufundi: tarakimu nyeusi ni uniti kamili, na uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, sehemu iliyoandikwa kwa wekundu ndiyo lita. Wiki ambayo namba iliruka kuliko kawaida, maswali yaliulizwa Jumamosi hiyo hiyo, badala ya kusubiri mwezi uishe na kila mtu awe amesahau alichofanya.

Daftari hilo ndilo lililotuonyesha kuwa maji yalikuwa yakipotea usiku. Njia ya kuhakikisha ni nyepesi: funga koki zote watu wakienda kulala, andika namba ya dira, isome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Mara nyingi mhalifu ni tangi la choo au boya la simtanki. Kwa tangi la choo, tia bluu kidogo ya nguo ndani ya maji ya tangi na usivute. Baada ya robo saa bakuli likianza kuwa la buluu, mpira wa chini umechoka, na mpira huo unauzwa kwa bei ndogo katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Boya lililoharibika unalijua kwa bomba la ziada linalochuruzika juu ya ukuta na kuacha mstari wa ukungu wa kijani ambao kila mtu ameuzoea. Tone moja kila sekunde ni takriban lita 20 kwa siku, yaani dumu zima ambalo mtu mwingine wa pembezoni mwa mji angelilipia kwa mwenye toroli.

Maji ya mvua ni mlango mwingine ambao tumeuacha wazi na kupita pembeni. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, nyingi zikiwa za masika na kiasi cha vuli. Bati la mita za mraba 60 likinyeshewa milimita 1,000 linapokea lita 60,000. Hata tukitoa sehemu ya tano kwa ajili ya zinazomwagika na zile za mvua ya kwanza zinazopaswa kuachwa zioshe vumbi na kinyesi cha ndege, zinabaki lita 48,000. Maji hayo yanafaa kufulia, kusafishia choo na kumwagilia mchicha, na yangeiachia koki kazi ya kunywa na kupikia. Kinachozuia ni suali la nani anunue mfereji wa bati na tangi. Mpangaji hatatengeneza nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hailipi bili yeye. Mapatano ya kukata gharama hizo kwenye kodi ya miezi kadhaa, yakiandikwa na kushuhudiwa na mjumbe, yanafungua fundo hilo. Nimeyaona yakifanya kazi, na nimeona pia nyumba ambamo yalikubaliwa kwa mdomo tu na yakaishia baraza la kata.

Kuhusu taka nitasema kwa kifupi, kwa sababu Tanga haifanyi vibaya. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 ilisafisha mifereji kwa kiasi ambacho wengi hatukukitarajia, ingawa vile vifungashio vyembamba vya karanga na ubuyu bado vinaziba. Mji wetu ni tambarare, maji ya mvua yanatembea polepole, kwa hiyo kizuizi kidogo mtaroni kinatosha kulijaza eneo zima. Sehemu kubwa ya ndoo ya taka ya nyumbani ni maganda, majani na mabaki ya chakula, na hayo yakizikwa pembeni mwa ua yakawa mboji, au yakipewa mbuzi wa jirani, gari la taka linabaki na kazi ndogo. Ada ya taka iambatane na risiti, na mapato na matumizi ya mtaa yabandikwe kwenye ubao wa matangazo ambapo mtu anaweza kuyasoma bila kuomba ruhusa. Mahali ambapo hesabu hazibandikwi, watu huacha kulipa, na siwalaumu sana. Vivyo hivyo kwa viwanja vya wazi: kiwanja cha watoto ambacho wakazi hawajawahi kuiona ramani yake ndicho kinachoota ukuta usiku mmoja, na njia ya kukinga ni kuomba nakala ya ramani ya mipango miji ya mtaa wenu mapema, wakati hakuna mgogoro na karani hana sababu ya kuificha.

Inabaki bahari, ambayo ndiyo mali ya pamoja iliyo ngumu kuliko zote kwa kuwa haina ukuta wala dira. Pwani ya Tanga iliteswa na uvuvi wa baruti kwa miaka mingi. Bomu moja likitupwa juu ya mwamba wa matumbawe linaua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja, wengi wanazama bila kuokotwa, na matumbawe yanageuka kifusi ambacho kitachukua miongo kurudi kuwa nyumba ya samaki. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya pwani ya Tanga, kwa msaada wa Ireland na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, na jambo lililoutofautisha na miradi mingine ni kwamba vijiji vyenyewe vilikaa na kuamua mwamba gani ufungwe, kwa muda gani na nani aulinde. Pwani iligawanywa katika maeneo sita ya usimamizi wa pamoja: Boma–Mahandakini, Deepsea–Boma, Mwarongo–Sahare, Mtang'ata, Boza–Sange na Mkwaja–Buyuni. Wavuvi walifuatana na askari katika doria, wakahesabu samaki chini ya maji kwa macho yao, na milipuko ikapungua sana.

Kisha ikarudi. Katika miaka ya 2000 mabomu yalisikika tena mchana kweupe, na hayakupungua vya kutosha hadi serikali ilipokaza msako miaka ya 2015 na kuendelea. Nimewasikia wavuvi wakieleza sababu kwa namna mbalimbali, lakini maelezo mengi yanakutana mahali pamoja: doria ilihitaji mafuta ya boti, mafuta yalitoka kwa mradi, na mradi ulikuwa na tarehe ya mwisho. Pia waliokamatwa walionekana tena ufukweni kabla walinzi hawajapumzika. Mwanakijiji aliyemtaja jirani yake kwa jina alibaki naye kijijini, peke yake. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, vile tunavyoviita BMU, vina mamlaka kwenye karatasi, ila kikundi kisicho na chanzo chake cha fedha kinategemea ujasiri, na ujasiri wa mtu mwenye watoto una kikomo. Kiasi kidogo cha ushuru wa mnada kikibaki kwa kikundi chenyewe, kwa hesabu zinazosomwa mbele ya wavuvi, kingenunua mafuta bila kusubiri mfadhili. Katika bahari hii hii, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, majarife, zile nyavu kubwa za papa, yamekuwa yakimnasa silikanti, samaki wa kale ambaye dunia iliwahi kuamini ametoweka, na kwa ajili yake ikatangazwa hifadhi ya bahari mwaka 2009. Ni heshima kubwa, lakini mvuvi wa Tongoni anayekula changu angependa naye kukumbukwa.

Mikoko ni sehemu ya habari hiyo hiyo, kwa sababu samaki wengi na kamba hukulia kati ya mizizi yake. Ni msitu wa hifadhi wa serikali, haukatwi bila kibali, na kila mtu anajua kwamba hukatwa, kwa ajili ya boriti, kwa ajili ya kuni, kwa ajili ya tanuru za chokaa. Siku za mazingira tunapelekwa na wanafunzi kupanda. Nia ni njema, ila mara nyingi hupandwa aina moja, ule mkoko wenye mbegu ndefu, kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka, tena hupandwa mbele kabisa kwenye tope ambalo kwa asili ni mahali pa mlilana, au penye mchanga ambapo hapajawahi kuwa na mti. Baada ya miezi mitatu yote imekufa. Wazee wa Mchukuuni au Tongoni wanajua mchu unasimama wapi na mkandaa unasimama wapi, na wanajua pia kuwa mahali ambapo maji ya bahari yanaingia na kutoka vizuri, mbegu hujipanda zenyewe ilimradi watu waache kukata na kukanyaga. Kuwalipa wazee hao wasimamie ghuba moja kwa mwaka mzima kungezaa mikoko mingi kuliko mabasi ya wapandaji wa siku moja.

Mkazi wa mjini asiye na ngalawa anadhani hana la kufanya katika haya, na hapo anakosea, kwa maana samaki wote hao wanavuliwa ili yeye awanunue. Samaki aliyeuawa kwa baruti mara nyingi huwa mlegevu kupita kawaida ya samaki wa saa zile. Ukimpasua unakuta damu imevilia kando ya uti wa mgongo, mifupa midogo imevunjika na kibofu cha hewa kimepasuka. Mama wa kukaanga wanaonunua jumla kwenye mnada wa samaki wa Deep Sea wanamjua kwa kumbonyeza tu kwa kidole gumba, na wanajua pia kwamba akishakaangwa na kuwekwa ndimu na pilipili hakuna mteja atakayemtambua. Kwa hiyo ununue akiwa mbichi, uombe apasuliwe mbele yako, uulize alivuliwa wapi na kwa mtego gani, na umwache akiwa laini hata kama bei yake imeshushwa. Mchuuzi aliyerudisha nyumbani nusu ya beseni kwa sababu wateja wa asubuhi walibonyeza na kuondoka atakuwa na neno na mvuvi wake kabla mnada wa kesho haujafunguliwa.